Vibao vya Mukau kwenye Pedali

Nyinyi vijana mlionisumbua niandike jinsi ya kumchagulia mtoto baiskeli, nimekubali, lakini nawaonya mapema kwamba sijui kama mimi ndiye mtu wa kuulizwa. Nimetengeneza baiskeli hapa Emali, karibu na steshoni ya reli, tangu nikiwa na meno yote mpaka sasa ninapotafuna upande mmoja. Shule niliachia darasa la sita. Ninachojua nimekijua kwa mikono, na mengine nimeyajua nikiwa nimechelewa. Kuna mtoto mmoja nilimchagulia vibaya. Nitafika kwake. Nikimtanguliza yeye hamtasoma hayo mengine, na hayo mengine ndiyo yatawasaidia.

Anzeni na uzito. Watu wakija kununulia mtoto baiskeli wanaangalia rangi, halafu kengele, halafu wanaipiga tairi teke kama ng'ombe wa mnada. Uzito hawaulizi. Mwalimu wangu wa kazi, Mzee Athumani, ambaye babu yake alikuja na reli kutoka pwani akabaki hapa, alikuwa na njia yake ya kupima. Alimwinua mtoto kwa mkono wa kulia na baiskeli kwa mkono wa kushoto, kisha akasimama hivyo kimya, amefumba macho, mtoto akimshangaa masikio. Akifumbua macho alikuwa ameshapata jibu. "Baiskeli ikikaribia kuwa pacha wa mtoto," aliniambia, "irudishe." Baada ya hapo alimweka mtoto chini na kumwambia aiinue baiskeli mwenyewe mpaka ifike magotini. Asipoweza, hajapata baiskeli, amepata mzigo. Maana siku moja itamwangukia, na siku hiyo hakuna mtu mzima atakayekuwa karibu.

Hilo alinifundisha mwaka wangu wa kwanza. Msije mkasema sikuambiwa. Mimi mwenyewe sijawahi kusema hivyo.

Alikuwa mtu wa kufundisha kwa kunyamaza. Mara ya kwanza kufungua pedali nilianza na ya kushoto. Ikakataa. Nikaongeza nguvu. Ikakataa. Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili, nikaruka. Mzee Athumani alikuwa ameketi kwenye mkebe wa rangi anakunywa kahawa, ananitazama kama mtu anayetazama mvua. Mwishowe nyuzi zikakatika, na mkono wa pedali ukawa bure. Hapo ndipo aliponiambia kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume, na kwamba nilikuwa naikaza tangu asubuhi. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Chuma hakina haraka, mwanangu. Haraka ni yako." Wiki nzima wachuuzi wa vitunguu wakipita waliniuliza kama nimeshaikaza ya kutosha.

Basi ya kushoto ni kinyume. Kama hamtakumbuka kitu kingine, kumbukeni hicho.

Siku hizi kuna baiskeli ndogo za dukani zenye maua na kikapu mbele, na springi mbili ambazo hazifanyi chochote, ni za kutazamwa tu. Mtoto akiziona analia mpaka apate. Ziinueni. Nyingine ni nzito kuliko za baba zao, kwa sababu zile springi za uongo ni chuma cha kweli. Sisemi zote ni mbaya. Nimeona moja ya aina hiyo ikitumiwa na watoto watatu wa nyumba moja, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeumia. Nasema tu ziinueni kwanza.

Halafu miguu. Mtoto asimame ameitanua juu ya baiskeli, nyayo zote mbili chini, si vidole. Kama anajifunza, toa pedali zote kabisa, teremsha kiti, mwache asukume kwa miguu kama bata. Wazazi watakucheka. Baada ya wiki mbili mtoto anajua kujisawazisha, na unarudisha pedali. Kila shule zikifungwa, mwite, pandisha kiti upana wa kidole. Mtoto hakui kwa kelele. Wewe ndiye wa kuangalia.

Halafu breki, na hapa nitaandika polepole. Mtoto akae kitini, mikono kwenye usukani, umwambie avute breki. Usivute wewe. Avute yeye, kwa kiganja chake, na wewe usukume baiskeli kutoka nyuma. Gurudumu lisipokwama, breki hiyo haipo. Hata kama ni mpya. Hata kama wewe ukiivuta inakamata kama mbwa.

Sasa nifike kwa Mutiso.

Mutiso alikuwa kibarua wa mashambani upande wa Kiboko, na nyumbani kwake ni huku nyuma ya Emali, unapoanza kuteremka kwenda mtoni. Mtu mpole, mrefu, mwenye aibu ya watu warefu. Alikuwa na mke anayeitwa Kalondu na binti mmoja, Mwende, aliyekuwa na miaka saba. Shule ya Mwende ilikuwa mbali na mtoto alikuwa akifika amechoka, kwa hivyo Mutiso akaja kwangu siku ya soko kumtafutia baiskeli. Wakati huo Mzee Athumani alikuwa ameshakufa na kibanda kilikuwa changu.

Nilikuwa na mbili. Moja ilikuwa ndogo, ya mtumba, ya aluminiamu, imeletwa na lori kutoka Mombasa, rangi imechubuka. Nyingine ilikuwa black mamba, ile baiskeli nyeusi ya watu wazima mnayoiona ikibeba magunia ya mkaa. Nilikuwa nimeiunda upya kwa mikono yangu, rimu kutoka hapa, fremu kutoka pale, nikaipaka rangi mara tatu. Nilitaka sana kuiona ikitembea. Nataka muelewe kwamba sikuwa na faida kubwa kwa hii kuliko kwa ile. Ilikuwa ni majivuno tu, na majivuno hata hayashibishi.

Mutiso aliishika ile ndogo. Akaiinua kwa vidole viwili. Akatabasamu, akasema Mwende ataipenda hii.

Palikuwa na watu watano au sita wakingoja kazi zao, na siku ya soko watu hutaka kucheka. Nikasema kwa sauti, "Mutiso, hiyo si baiskeli. Hiyo ni sufuria imewekwa magurudumu. Mwambie Kalondu aisugue na majivu."

Wakacheka. Mmoja akasema kwamba ikipata moto itapika ugali. Mutiso naye akacheka, kidogo, akaiweka chini. Nikamalizia kwa kumuuliza yunifomu ya Mwende aliinunua ya saizi gani. Mnajua sisi hapa Ukambani sweta ya shule hununuliwa ikifika magotini, mikono inakunjwa mara tatu, mtoto atakua ndani yake. Akasema kweli, aliinunua kubwa. Nikamwambia baiskeli ni hivyo hivyo. Mwaka ujao sufuria haitamtosha. Black mamba ataolewa nayo. Tena itabeba maji.

Akaniuliza miguu itafika wapi. Nikamwonyesha. Kazi hii ya vibao haikuwa yangu peke yangu, ilifanywa na mafundi wengi: unachonga vipande vinne vya mti wa mukau, kwa sababu ni mwepesi na mchwa hawauli, unabana viwili kila pedali, juu na chini, unafunga kwa waya wa spoki. Pedali inakuwa nene, mguu mfupi unafika. Kiti ukakiondoa, ukazungushia gunia kwenye fremu, mtoto akakaa hapo. Nilifanya kazi nzuri. Nilimpandisha Mwende juu kesho yake, nikiwa nimeishika mimi, akazungusha pedali, akacheka. Breki nilivuta mwenyewe. Ya mamba ile ilikuwa ya vyuma virefu na mkono wake uko mbali na usukani. Niliona vidole vya mtoto vinaishia hewani. Niliona. Nikamwambia, "Utakuwa unavuta kwa vidole viwili, mama, utazoea."

Nina daftari ninaloandika siku zangu tangu ujana. Siku hiyo niliandika: Mutiso. Black mamba. Vibao vimekaa vizuri.

Haukupita mwezi. Jumamosi asubuhi Kalondu alimtuma Mwende mtoni na mtungi mmoja mdogo kwenye keria ya nyuma. Mtungi ulikuwa mtupu, na aliambiwa akirudi aisukume, asiipande. Nasema hivyo kwa sababu baadaye Kalondu naye alisemwa, na hakustahili. Mteremko ule mnaujua, unaishia kwenye mchanga wa mto mkavu. Baiskeli ilishika kasi. Waliokuwa wakichimba maji walimwona akinyoosha miguu kutafuta ardhi, kama mtoto anavyofanya, na ardhi haikuwepo. Akagonga jiwe kando ya mchanga. Kuanguka hakukumvunja, maana palikuwa na mchanga. Mamba ndiyo ilimwangukia, paja juu ya jiwe, na hakuweza kuisogeza. Watu walikimbia, lakini kwenye mchanga hukimbii.

Mfupa ulivunjika juu ya goti, mahali pabaya kwa mtoto anayekua. Ukaunga, lakini mguu huo haukuendelea kurefuka kama mwenzake.

Baiskeli waliniletea mimi niiangalie. Kitu cha kwanza nilichotazama ni vibao. Havikuwa vimelegea. Waya ulikuwa umekaza vilevile. Nilifurahi, na ninaona haya kuandika kwamba nilifurahi. Halafu, mbele ya watu, nikavuta breki kwa mkono wangu huu mnaouona. Gurudumu likakwama palepale. Nikasema, "Breki ni nzima."

Lilikuwa neno la kweli, na sijawahi kusema uongo mkubwa kuliko huo. Kwa sababu kama breki ni nzima na vibao havikulegea, basi kosa ni la aliyempa mtoto baiskeli kubwa. Watu wakaondoka nalo. Wakasema Mutiso ni mchoyo, alinunua moja ili na yeye aipande kwenda kazini. Kalondu aliliamini hilo. Mwaka haukuisha, akamchukua mtoto akarudi kwa wazazi wake, Mbumbuni. Wale waliocheka siku ya soko walikuwepo, na hakuna aliyekumbuka. Pengine walikumbuka. Sijui, na si haki niwasemee.

Mimi nilikutana na Mutiso mara moja tu peke yetu, kando ya barabara. Nilianza kusema kwamba ile siku mimi ndiye. Akanikatiza. "Fundi, mkono ulioichukua ni wangu." Akaenda zake. Nilijiambia kwamba amenisamehe. Ukinisukuma sana nitakwambia nilijua hajasema hivyo. Lakini hakunitaja kwa mtu, hata kwa mkewe, na mimi nikanyamaza kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Miaka mingi nilinyamaza nikiwa na sababu hiyo hiyo moja.

Tangu siku ile sikuchonga vibao tena. Mtu akileta mtoto nilifanya kama alivyofanya Mzee Athumani, mkono wa kulia mtoto, mkono wa kushoto baiskeli. Wengine walienda kwa fundi mwingine anayekubali. Kisha pikipiki zikaja, mamba zikaisha barabarani, na mimi nikafunga kibanda. Sasa nafanya moja moja hapa nyumbani.

Mwaka huu, kabla ya mvua, mwanamke akaingia uani akichechemea, futi ya kupimia nguo shingoni, ameshika mtoto wa kike mkono. Nilimjua kwa mwendo kabla sijamjua kwa uso. Mwende sasa ni fundi wa nguo. Amerudi Emali, ana cherehani karibu na duka la nafaka. Kalondu alikufa miaka miwili iliyopita. Baba yake yuko palepale nyuma ya Emali, na nilikuwa nimesikia kwamba wakikutana sokoni, Mwende huvuka upande wa pili.

Akanisalimia vizuri, akaniita mzee. Akasema binti yake Ndanu ana miaka mitano na anadai baiskeli, na yeye ameapa mtoto hataogopa kitu kwa sababu mama yake aliumia. Kisha akasema, "Nataka ndogo, mzee. Nyepesi. Sitaki mambo ya baba yangu."

Nilimwambia arudi baada ya wiki. Nikatafuta mpaka nikapata ya aluminiamu, ya mtumba, inayofanana na ile kama ndugu. Nikatoa pedali. Mkono wa breki nikaurudisha karibu kwa kile kiskurubu chake kidogo, nikabadilisha waya, nikaupaka mafuta. Waliporudi nikamwinua Ndanu kwa mkono wa kulia, baiskeli kwa wa kushoto, nikafumba macho. Kushoto hakukuwa na kitu. Ndanu akaiinua mwenyewe mpaka kifuani. Akakaa, akavuta breki kwa vidole vyake, nikasukuma, gurudumu likagoma. Mwende akatazama vile vidole. Muda mrefu akavitazama.

"Laiti angeninunulia kama hii," akasema. "Lakini baba yangu mkono wake ni wa birika."

Ningeweza kunyamaza tena. Nilikuwa na mazoezi. Nikamwambia yote, kama nilivyowaandikia hapa: ile ndogo aliyoiinua kwa vidole viwili, sufuria, majivu, sweta, vibao, breki ni nzima.

Alisikiliza akikunja futi yake kwenye kidole, akiikunjua, akiikunja.

"Kwa hivyo mlicheka," akasema.

"Mimi ndiye niliyewachekesha."

"Na yeye?"

"Alicheka pia. Kidogo."

Ndanu alikuwa akizunguka uani akisukuma kwa miguu, kama bata, akiita mama, mama, tazama.

"Mama yangu amekufa akijua vingine," Mwende akasema. "Hilo nalo utalipeleka kwa nani, mzee?"

Akamshusha mtoto, akamshika mkono, wakatoka. Ndanu alitembea akiangalia nyuma mpaka kona. Baiskeli ikabaki imesimama ukutani.

Nimejiuliza kama nilisema kwa ajili ya Mutiso au kwa ajili ya kulala vizuri. Kama ni kulala, sikufaulu. Nilijiambia kwamba mwanamke akijua ukweli atamwendea baba yake, lakini pia yawezekana nilimwongezea tu mtu wa pili wa kumchukia bila kumpunguzia wa kwanza. Sikumtafuta. Shule zilipofungwa nilipandisha kiti upana wa kidole, kwa sababu mtoto alikuwa anakua huko aliko, awe amenisamehe au hajanisamehe. Baiskeli kama ile humfaa mtoto mwaka mmoja, labda na nusu. Mbele ya hapo ni pambo la ukuta.

Juzi Mutiso akaja. Hajawahi kuingia uani kwangu tangu tuzaliwe. Amezeeka kwa kuinama, urefu wake wote umeenda mbele. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Alikuja Jumapili," akasema. "Na mtoto."

Nikamuuliza alisema nini.

"Hakusema. Aliniona sweta imechanika hapa kwapani. Akaniambia niivue, akaishona."

Nilitaka kuomba msamaha, na nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka. Lakini alikuwa ameshaiona ile baiskeli ukutani. Akaiendea. Akaiinua kwa vidole viwili, akaishika hivyo hewani, akaigeuza akitazama fremu, matairi, breki.

"Ni hii nilikuwa nataka," akasema.

Nikamwambia si ile, ni mfano wake tu.

"Najua."

Akaiweka chini akaanza kuisukuma kutoka nje. Usukani ulimfika chini ya kiuno, kwa hivyo aliinama zaidi, mkono mmoja kitini, akapita langoni hivyo, akashika njia ya kwake amekunjika juu ya kile kitu kidogo. Njia hiyo ni ndefu na mgongo wake ni mbovu. Ningemwita nimwambie aibebe tu begani, ni nyepesi. Lakini nilikuwa nimeshamwambia Mutiso mambo ya kutosha kuhusu baiskeli.